Jinsi Evert Pimamaji Alivyoteka Vyumba vya Chini ya Kengele

Saa tisa na dakika kumi alasiri, Jumamosi ya pili ya Novemba, mjini Kampen, Uholanzi, bati la biskuti lilifunguliwa, kila aliyekuwepo akachukua moja, na bati likafungwa.

Naam, likafungwa! Njooni basi, enyi mliokwisha kusikia habari za majeshi yaliyovuka majangwa na za wafalme waliobomoa kuta za miji kwa mapembe na ngoma. Sogezeni viti, mwambieni mtoto aache kulia, mnyamaze. Mimi siwaletei majeshi. Nawaletea habari za mtu mmoja mwenye miwani na tumbo la wastani, aliyeingia vitani akiwa ameketi, akapigana akiwa ameketi, na kama alishinda, alishinda bila kuinuka kitini. Mtu huyo ni mimi. Ningependelea awe mwingine, lakini ushahidi hauniruhusu.

Jina langu ni Evert mwana wa Harm, mtumishi wa Bodi ya Maji, mlinzi wa matuta ya kuzuia maji, mkaguzi wa mifereji, bwana wa sentimita. Kazi yangu ni kupima maji yamefikia kimo gani, katika nchi ambayo sehemu yake kubwa ingekuwa makao ya samaki kama watu wa kazi yangu wangelala. Shemeji yangu Gerlof, kaka wa mke wangu, huniita Pimamaji, jina la kile kifaa cha fundi mwashi chenye kiputo cha hewa ndani yake. Husema tunafanana, mimi na kifaa hicho, kwa kuwa sote tuna hewa katikati.

Siku hiyo mama mkwe wangu, Mama Aaltje, alikuwa ametimiza miaka sabini na mitano. Viti vilipangwa duara sebuleni kama desturi inavyotaka, na kila aliyeingia alilizunguka duara akimpongeza kila mtu, si mwenye siku peke yake. Nilimpongeza Gerlof kwa kuzaliwa kwa mama yake. Gerlof akanipongeza kwa kuzaliwa kwa mama mkwe wangu. Nikampongeza mke wangu Roelien, ambaye nilikuja naye katika gari moja. Mama mdogo Dientje, mdogo wake Mama Aaltje, alinipongeza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alidhani mimi ni jirani. Watoto wetu wawili wakapongezwa na wote, wakapewa biskuti zao, wakakimbilia bustanini.

Sharti mjue pia sheria ya nyumba ile. Kahawa ya pili hutolewa. Biskuti ya pili haitolewi. Huo si uchoyo, ni katiba. Mama Aaltje huliweka bati chini ya kiti chake, upande wa mguu mzima, na tangu nimwoe binti yake sijapata kusikia mfuniko wake ukilia mara mbili katika alasiri moja.

Basi, ahali yote ikiwa imeketi, Roelien alileta mbele ya duara jambo lililotukutanisha: likizo ya Februari, juma zima katika milima ya Alpi huko Austria, watu wote chini ya paa moja, watoto wajifunze kuteleza juu ya theluji. Yalikuwa yamekwisha kukubaliwa mambo mawili. La kwanza, bei ya malazi iwe ile ambayo Roelien anaweza kuitaja kwa sauti mbele ya Mama mdogo Dientje. La pili, wote wakubali. Sisi hatupigi kura. Sisi ni watu wa matuta. Tuta likikatika mahali pamoja, wanaolowa ni wote, na kwa hiyo tunazungumza mpaka wa mwisho achoke kukataa.

"Na leo ndiyo leo," alisema Roelien. "Kila usiku tukilala bila kuamua, vyumba vya bei yetu vinachukuliwa na watu wa Utrecht."

"Watu wa Utrecht hao!" akasema Mama mdogo Dientje, ambaye hakuwa na ugomvi nao wowote unaojulikana.

Ndipo Mama Aaltje akaweka kikombe chini, na duara likamgeukia. Mwanamke huyu, enyi wasikilizaji, katika ujana wake aliteleza kwa viatu vya chuma juu ya mifereji iliyoganda kutoka kijiji hadi kijiji, akawaacha wanaume nyuma wakihema kama ng'ombe. Sasa ana fimbo.

"Mimi nina goti langu moja na la hospitali moja," alisema. "Mwaka jana sikwenda, kwa sababu ya zile ngazi za barafu. Mwaka huu nataka kwenda. Lakini nitoke mlangoni kwa miguu yangu mwenyewe, nifike pale watoto wanapoangukia, nikae, niwacheke. Mkitaka kunibeba kama kabati, nabaki nyumbani."

"Mama, hakuna atakayekubeba," alisema Gerlof.

"Wewe huwezi hata ukitaka. Sikilizeni. Mwakani watakuwa wameshajua kuteleza. Hawataanguka tena. Nitacheka nini mimi?"

Hilo ndilo lililokuwa likipiganiwa siku ile, nami nalitaja wazi ili msije mkadhani tulikuwa tukigombea vyumba tu.

Wa kwanza kuingia uwanjani alikuwa Gerlof, Simba wa Meza za Hoteli, Mwenye Gari la Kampuni, ambaye hajawahi kuosha kikombe katika likizo yoyote. Alisimama, jambo ambalo katika duara letu ni kama kuchomoa upanga.

"Jamaa zangu," alisema, "mimi nimewatafutia hoteli. Hoteli, si banda. Ina bwawa la maji moto, ina chumba cha mvuke, asubuhi kuna mikate ya aina tisa. Lifti ya kamba ya kupandisha watelezaji mlimani iko mlangoni. Mama anatoka, anakaa, anacheka. Kwisha."

"Bei gani?" aliuliza Mama mdogo Dientje.

Gerlof aliitaja akielekea dirishani.

"Sisikii, mwanangu."

Akaitaja tena.

Mama mdogo Dientje alikitazama kipande cha biskuti alichokuwa amekitunza. "Na kwa hela hiyo, mkiondoka, mlima unabaki wenu?"

Simba akaketi. Pigo lilikuwa moja tu, na hakuna aliyehitaji kumzika.

Hapo nikaona saa yangu imefika. Nikaiinua kompyuta yangu ndogo kama ngao, kioo kikielekea adui, nikakohoa kidogo kama wakohoavyo mashujaa wenye mafua, nikanena: "Enyi wa ukoo wa Westerink! Majuma matatu nimepekua mitandao ninyi mkiwa mmelala. Nimepambana na vyumba vyenye picha za vyumba vingine. Nimewashinda wanaoficha gharama ya mashuka, wanaoficha gharama ya kufagia, na mmoja aliyeficha kwamba choo ni cha jirani. Na sasa nawaletea nyumba ya mkulima, juu ya kijiji cha Obermoosach, vitanda saba, jiko la kuni, dirisha lenye jua, na bei ambayo mke wangu anaweza kuipigia kelele barabarani."

Roelien aliitaja bei kwa sauti. Mama mdogo Dientje alitikisa kichwa polepole, kwa namna ya mtu asiyepata kosa na anayesikitika kwa hilo.

"Viazi tunabeba wenyewe?" aliuliza.

"Tunabeba wenyewe."

"Na jibini?"

"Gurudumu zima, Mama mdogo."

"Basi endelea."

Na hapo, kwa kuwa nilikuwa nashinda, nikaongeza lisilohitajika, ugonjwa wa mashujaa wote na wa watumishi wote wa Bodi ya Maji. Niliwaarifu kwamba tangazo linasema nyumba iko mita elfu moja mia mbili na arobaini juu ya bahari, lakini bahari hiyo ni ile ya Trieste, kwa kuwa Waaustria huanzia kuhesabu huko, ilhali sisi huanzia Amsterdam, na vipimo hivi viwili vinatofautiana kwa karibu theluthi ya mita. Kwa hiyo, kama mtu angependa usahihi, namba ile—

"Hakuna anayependa," alisema Gerlof.

"Evert, baba," alisema Roelien, "lifti."

"Mita mia tatu na hamsini kutoka mlangoni," nilisema. "Imeandikwa. Mama, hizo ni kama kutoka hapa mpaka kwa mwoka mikate. Tutakwenda polepole, mimi na wewe, mkono kwa mkono."

Roelien akatabasamu. Hata Gerlof alinyoosha miguu kama mtu anayetafuta pozi la kukubali. Nilikwisha kuanza kufunga ngao yangu. Mama Aaltje alikuwa akimimina kahawa ya pili, na bila kuinua macho kwenye birika aliuliza:

"Hizo mia tatu na hamsini, Evert, ni za kwenda au za kupanda?"

Enyi msikiao, kumbukeni kazi yangu. Mkate wangu wote hutoka katika jambo moja, yaani kujua hiki kiko juu ya kile kwa kiasi gani. Nikiona dimbwi barabarani huulizia kimo chake. Dakika moja kabla nilikuwa nimezirekebisha bahari mbili mbele ya wakwe zangu. Lakini swali hili halikuwa limepita kichwani mwangu hata kwa bahati mbaya. Kwetu umbali hulala chini kama mbwa mzee; mtu wa Kampen akiambiwa mita, huona barabara iliyonyooka, mfereji kando yake, na bata. Nilikuwa nimekagua mashuka, nisiikague milima.

"Ni... za kwenda," nilisema. "Nadhani."

"Anadhani!" Gerlof alifufuka papo hapo. "Pimamaji anadhani! Andikeni tarehe."

"Mpigie simu mwenye nyumba," alisema Roelien. "Sasa hivi. Weka sauti wote tusikie."

Zilikuwa saa kumi na nusu. Saa kumi na moja duara huvunjika, kwa sababu saa kumi na mbili kila mtu wetu mwenye akili timamu huwa amekwisha kukaa mbele ya viazi. Nikaichukua simu kama mtu anayepokea mkuki uliokwisha kumchoma, nikapiga. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja aitwaye Notburga Schwaninger, na nyuma ya sauti yake palisikika ng'ombe. Nilisema naye kwa Kijerumani changu, ambacho ni Kiholanzi kilichovaa koti.

"Bibi mheshimiwa," nilisema, "ile nyumba yako iliyo mita mia tatu na hamsini kutoka lifti. Hizo mita zimepimwaje?"

"Kwa ramani," alisema Bibi Notburga. "Vizuri kabisa. Mwanangu alipima kwa rula."

"Na lifti iko upande gani wa nyumba?"

"Chini."

"Chini kiasi gani?"

"Unaiona kutoka dirishani. Hapo tu, chini ya miguu yako." Alifikiri. "Mita mia mbili. Mia mbili na kumi ukihesabu na ngazi."

Duara likaguna kwa pamoja.

"Lakini tangazo linasema—"

"Tangazo linasema kweli. Ramani ni bapa, bwana wangu. Sisi huku si bapa. Asubuhi mnashuka na kigari cha theluji, watoto wanapenda sana."

"Na jioni tunarudije?"

"Kwa njaa," alisema Bibi Notburga. "Mtu akiwa na njaa anafika."

Gerlof alikuwa amejifunika uso kwa mto wa kiti, mabega yakitetemeka. Mama mdogo Dientje alisema kwamba mwaka wa sabini na nne yeye alikwenda Austria kwa basi, na basi lilisimama mlangoni. Roelien aliifunga kompyuta yangu taratibu, na kati ya yote lile ndilo lililoumiza.

Nikamtazama Mama Aaltje. Alikuwa anakunja kitambaa cha meza, pembe kwa pembe.

"Si kitu, mwanangu," alisema. "Mtaniletea picha."

Wenye nyimbo hupenda mahali kama hapa kusema kwamba moyo wa shujaa uliwaka moto. Mimi naweza kuthibitisha tu kwamba masikio yangu yalikuwa ya moto na kwamba sikuikata simu. Nilisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia:

"Bibi Notburga! Uwanja wa watoto wa kujifunzia, uko wapi?"

"Kijijini. Nyuma ya kanisa."

"Ipo nyumba yoyote ambayo kizingiti chake kiko kimo kimoja na uwanja huo? Sitaki iliyo karibu. Nataka iliyo kimo kimoja."

"Kizingiti?" alisema Bibi Notburga. "Miaka yote hii watu wananiuliza mtandao na mashine ya kahawa. Wewe ndiye wa kwanza kuniulizia kizingiti." Ng'ombe mmoja alilia, akanyamazishwa. "Ninavyo vyumba vingine. Vitanda saba, vya marehemu shangazi yangu, vinapakana na ukuta wa kanisa. Sijavitangaza."

"Kwa nini?"

"Siandiki uongo. Na ukweli wake haukodishiki."

"Ukweli gani?"

"Kengele, bwana. Kila robo saa, usiku na mchana, na saa kumi na mbili alfajiri inalia mpaka vikombe vinatembea mezani. Bei yake ni nusu ya hii ya juu."

Neno nusu lilipita katika duara kama upepo katika matete. Mama mdogo Dientje aliweka mkono kifuani.

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuchomwa na mita mara moja. "Na kutoka kizingiti hicho mpaka uwanjani," niliuliza, "kuna kupanda? Kuna kushuka? Usiniambie kidogo. Kidogo cha kwenu nimekwisha kukijua."

"Ni sawasawa."

"Unajuaje?"

"Ninajuaje!" Hapa Bibi Notburga alikasirika kidogo. "Najua kwa sababu mwaka ule wa mafuriko maji yalijaa uwanja wote yakafika mpaka kizingitini kwa shangazi. Kizingitini kabisa, hayakuingia ndani. Shangazi alisimama mlangoni, alama ipo mpaka leo."

Jueni kwamba katika kazi yangu hakuna neno tamu kuliko alama.

"Na huko uwanjani," niliuliza taratibu, "maji yalikuwa na kina gani?"

"Ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Watoto walichezea."

"Ubavuni na katikati?"

"Pote. Uwanja ni kama meza."

"Sasa nijibu vizuri, Bibi Notburga. Maji hayo yalikuwa yanapita au yamesimama?"

"Yamesimama. Siku mbili. Bata walikuja."

"Bata walikuja!" nilipaza sauti, nikiligeukia duara. "Mmesikia? Bata walikuja!"

Walinitazama kama watu wanavyomtazama mgonjwa.

"Evert," alisema Roelien, "unatutafutia nyumba ya mafuriko?"

"Mke wangu," nilisema, "rula ya mtoto wa watu inaweza kudanganya. Tangazo linadanganya, ramani ni bapa, na mimi mwenyewe mmeniona. Maji yaliyosimama hayajawahi kudanganya mtu. Yakisimama siku mbili, uso wake ni mmoja, huku na kule. Hilo lilikuwa pimamaji kubwa kuliko yote niliyopata kuyasikia, na lilipimwa na Mungu mwenyewe bila kututoza chochote. Maji yamegusa kizingiti. Uwanjani yamefika vifundoni. Kutoka mlangoni mpaka watoto wanapoanguka ni kushuka kwa urefu wa kifundo cha mguu. Mama, zulia la mlango wako hapa ni kikwazo kikubwa kuliko hicho."

Gerlof akasema, "Duniani kote, ni mtu wa Kampen peke yake anayeweza kuambiwa nyumba ilifurika akashangilia," lakini alisema bila nguvu, na nilimwona akiangalia zulia.

"Bado mpo?" aliuliza Bibi Notburga. "Nina ng'ombe wa kukamua."

"Tunajadiliana," nilisema.

"Nasikia. Ongezeni sauti, sijui lugha yenu lakini inachekesha."

Ikaanza sasa safari ya kulizunguka duara, mtu mmoja mmoja, kama desturi. Mama mdogo Dientje alikubali kwa ajili ya lile neno nusu, akaongeza kwamba hoteli ya mwaka wa sabini na nne nayo ilikuwa na kengele na hakuna aliyekufa. Roelien alikubali kwa sharti kwamba nisilitaje tena jina la Trieste. Nikaapa. Mama Aaltje alisema: "Mimi nikivua mashine za masikio saa tatu usiku, hata parapanda ya mwisho itanikuta nimelala."

Akabaki Gerlof.

"Hapana," alisema Gerlof. "Nasema ukweli wangu. Mimi kitone cha bomba kinaniamsha. Kila robo saa! Saa kumi na mbili alfajiri! Kwenye likizo! Nitarudi kazini nimekonda."

"Itakufaa," alisema Mama mdogo Dientje.

"Sitanii. Nendeni ninyi. Mimi nitakaa hoteli yangu."

"Paa moja," alisema Roelien. "Tulikubaliana paa moja."

"Basi tafuteni paa lisilopigiwa nyundo."

Saa ya ukutani ilikuwa karibu kugonga. Nilitafuta hoja, nikapekua kila nilichosoma na nilichopima, sikupata, kwa kuwa hakuna kipimo cha usingizi wa shemeji. Nakiri kwamba pigo lililofuata si langu. Mwenye haki yake ni mama mkwe wangu.

"Gerlof," alisema Mama Aaltje. "Zile picha mlizoniletea mwaka jana. Nani alizipiga?"

"Mimi, Mama."

"Nilidhani. Nyingi ni za kidole chako."

Mama mdogo Dientje alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kisahani.

"Nimekitazama mwaka mzima hicho kidole," alisema Mama Aaltje. "Ni kidole kizuri, nimekizaa mwenyewe. Lakini sasa nataka kuona watoto."

Gerlof aliangalia mkono wake, kisha akautia mfukoni. Simba wa Meza za Hoteli alipumua kwa pua, akajikuna shingo.

"Chumba cha jikoni ni changu," alisema. "Upande ulio mbali na ukuta. Na anayekwenda kununua mkate asubuhi si mimi."

"Wewe si utakuwa macho?" alisema Roelien.

"Roelien!"

"Haya, haya. Evert atanunua."

"Nitanunua," nilisema, na kwa kauli hiyo vita vikasimama. Nikaigeukia simu. "Bibi Notburga Schwaninger! Watu saba wa Kampen, waliokaa shauri na kukubaliana bila kura, wanakuomba vyumba vya chini ya kengele kwa juma la mwisho la Februari."

"Chukueni," alisema Bibi Notburga. "Nimekwisha kuandika: *yule wa kizingiti*. Jina mtanipa mkifika." Akakata.

Na iandikwe basi, katika tarehe za ukoo wa Westerink na za bonde zima la mto IJssel, kwamba alasiri ile malazi yalipatikana: saba kwa idadi ya vitanda, kimo kimoja na theluji, bei ya kutamkika hadharani. Iandikwe kwamba aliyeyapata ni mtu aliyeshindwa kwanza kwa sababu ya mlima mmoja aliousahau, akaokolewa na maji, ambayo analipwa mshahara ili ayachukie. Miji imepewa majina ya watu kwa matendo madogo kuliko hayo, ingawa sina mfano wa kutoa. Wapinzani wangu wawili, hoteli yenye mikate tisa na nyumba ya mkulima yenye kurudiwa kwa njaa, walilala uwanjani wasiinuke tena. Hakuna damu iliyomwagika, ila kahawa ya Mama mdogo Dientje.

Watu walianza kutafuta makoti. Ndipo Mama Aaltje alipoinuka. Fimbo aliiacha imeegemea kiti. Aliinama, akachukua kitu chini, akalikata duara katikati, kutoka upande wake hadi upande wangu, goti lake na goti la hospitali, juu ya zulia na kushuka zulia, akasimama mbele yangu.

"Pimamaji," alisema, na kwa mara ya kwanza jina hilo halikuwa na hewa ndani yake. "Fungua mkono."

Mfuniko ukalia. Roelien aliona. Gerlof aliona, akiwa na mkono mmoja ndani ya koti. Mama mdogo Dientje aliona, akasema, "Aaltje!" kwa sauti ya mtu aliyeona tuta likipasuka.

Saa kumi na moja kasoro dakika mbili nilichukua biskuti ya pili, na bati likafungwa.